Fidia ya Koti Moja

Sumbawanga, 9 Februari 2025

Mwanangu Silvana,

Usinitumie tena zile sauti za simu. Sekunde arobaini, na ishirini kati yake unapumua! Mwenye jambo huketi akaandika. Nimekufundisha Historia miaka minne na sikuchoka kuwaambia: walioandika ndio waliotuamulia sisi ni nani, kwa sababu sisi tulikuwa tunaongea tu. Kwa hiyo nataka barua, na iwe ndefu.

Huku mvua haijakata. Ukumbi unavuja palepale, mikeka miwili ya judo imelowa, wasichana wanaanguka kwa zamu kwenye minne iliyobaki. Hellena anakuja kutoka Chala kila Jumamosi kama zamani. Nilidhani atanuna baada ya wewe kuchaguliwa kwenda Budapest na yeye kuachwa. Wapi! Juzi amemtupa mwanajeshi mmoja wa likizo chali, mgongo wote chini, ipponi safi, pambano likaisha kijana wa watu hajamaliza kukunja mikono ya gwanda. Nakwambia wazi kwa kuwa wewe ni mtu mzima: mimi ningemchagua Hellena. Lakini aliyechagua ni Mhungaria wako, Dorottya, na aliyechaguliwa ni wewe. Basi usituaibishe.

Babu yako anazunguka Mwazye yote na lile koti la Kizungu. Siku ile nilicheka mpaka nikakaa chini. Mzee wa miaka sabini na sita, katekista, analala barabarani mbele ya gari! "Hapiti mtu! Nimemlisha ulezi miaka kumi na minane, leo mnanichukulia mke wangu hivihivi? Nani atanipikia? Toeni fidia!" Mama yako Justa naye: "Baba, mke mwenyewe ugali unamshinda!" Vigelegele. Na yule Mhungaria kasimama, hajui acheke au alie, mpaka akavua koti lake akamfunika mzee. Babu akainuka, akalivaa, akafunga vifungo vyote, akasogea. "Nendeni naye. Mume nimeridhika."

Na siku ile hata hukuwa umechaguliwa! Walikuwa wanapiga picha za nyumbani tu, kama walivyopiga kwa kina Hellena jana yake, ndipo mje mjini kwenye mchujo. Babu hakungoja. Kwake ulikuwa umeshashinda.

Andika.

Mwalimu wako,
Cornelia

*

Budapest, 23 Februari 2025

Mwalimu Cornelia, shikamoo.

Nimetii, nimeketi. Baridi ya huku si ile yetu ya Julai. Hii inaingia kwenye meno. Mazoezi ni mara mbili kwa siku. Asubuhi nguvu, jioni mkeka. Ukumbi wao una mikeka mia moja na hakuna hata mmoja uliolowa. Kazi yangu ni kutupwa. Dori, ndivyo Dorottya anavyoitwa huku, ananitupa mara sitini, sabini kwa jioni, mimi nainuka. Anasema hajapata mtu anayeanguka vizuri kama mimi. Nimwambie ulitufundisha kuanguka kwenye sakafu ya saruji?

Najua utaniuliza habari zake. Alikuwa bingwa wa Ulaya mara mbili kabla ya kutimiza miaka ishirini na minne. Kisha goti la kushoto likakatika kano, akapasuliwa mara mbili, na toka hapo hajapanda jukwaa la washindi. Lakini sikia ajabu hii, Mwalimu. Alipokuwa anashinda, mtandaoni walimfuata watu elfu themanini. Alipoumia akaanza kujirekodi akijifunza kutembea, akilia, akipika na bibi yake, wakafika milioni. Sasa ni milioni mbili na nusu. Siku moja aliniambia, "Silvi, watu hawafuati ushindi. Wanafuata kidonda." Hakusema kwa majivuno. Alikuwa anafunga bandeji.

Kuna video ya safari ya Mwazye itatoka mwezi ujao. Wanahariri kwa namna yao. Ukiiona usiwake haraka kama kawaida yako.

Hivi babu bado anatumia ile simu ndogo ya tochi? Na mtandao wa Mwazye bado ni mpaka mtu apande kilimani?

Mwanafunzi wako,
Silvana

*

Sumbawanga, 16 Machi 2025

Silvana,

Nimewaka. Naandika nikiwa nimesimama, kiti hakikaliki.

Nimeiona. Mkoa mzima umeiona. Watazamaji milioni nne kwa siku sita! Nakueleza nilichokiona, usije ukasema hukuonyeshwa.

Inaanza na Dorottya wako anatembea pembeni ya maporomoko ya Kalambo, nywele zimesukwa, gwanda jeupe, muziki wa kuhuzunisha. Kisha maandishi: "Nilikwenda kutafuta mpinzani, nikakuta mateka." Kisha Mwazye. Kisha babu yako, uso umejaa kioo kizima, anapiga kelele, na vigelegele vimefutwa. Kicheko cha mama yako kimefutwa. Mimi nilikuwa pale nacheka, nami nimefutwa! Amebaki mzee anayefoka na msichana kando yake. Chini wameandika: "Mke wangu. Hamtamchukua bila kunilipa." Kisha koti linavuliwa. Maandishi: "Bei ya msichana: koti moja." Kisha wewe garini, unalia machozi ya mtu anayeaga kwao, na chini yake: "Alituambia alipewa mzee huyu akiwa na miaka kumi na mitano."

Hivyo ndivyo walivyoandika. Tena wakaongeza kwamba Sumbawanga ni mji wa wachawi, maana uchafu haukutosha.

Hebu niambie, ni babu gani kuanzia hapa mpaka pwani asiyemwita mjukuu wake mke? Ni bibi gani asiyemwita mjukuu wa kiume mume, akamnyima uji kwa sababu "umechelewa kurudi, ulikuwa kwa nani"? Yule mwanamke alichukua pendo la nyumba nzima akaligeuza kosa la jinai, na watu milioni nne wakampigia makofi wakiwa wamelala vitandani mwao. Goti limemshinda, medali zimemkimbia, sasa anamtupa mzee wa Mwazye ili ahesabiwe alama!

Sasa lililo kubwa. Alhamisi walikuja maafisa wa ustawi wa jamii na polisi. Wametimiza wajibu wao. Ningekuwa afisa nami ningekuja, maana ndoa za watoto zipo na nimezipigia kelele miaka ishirini. Babu amelala mahabusu siku mbili. Ametoka kwa dhamana. Kosa analochunguzwa lina kifungo cha miaka thelathini. Silvana, ana sabini na sita.

Mpelelezi aliniambia kwa kunong'ona: "Mama, mimi naelewa utani, bibi yangu ananiita mume mpaka leo. Lakini imeandikwa binti mwenyewe kasema. Mleteni binti akanushe."

Basi ni mambo mawili. Mlazimishe huyo mwanamke aiondoe. Na wewe andika maelezo, yapigwe muhuri na wakili, uyatume. Wiki hii!

Cornelia

*

Mwazye, 20 Machi 2025

Tumsifu Yesu Kristo.

Mke wangu uliyenikimbia,

Barua hii naiandika kwa mkono wangu, mwalimu wako ataipiga picha aitume kwa mashine zenu. Mimi mzima. Mahabusu si pabaya, ila wanakoroma. Nilikuwa na wezi wawili wa ng'ombe, nikawafundisha Salamu Maria upya, maana walikuwa wanaruka katikati.

Kijana mpelelezi aliniuliza, "Mzee, ulimwita mke wako?" Nikajibu ndiyo. "Ulidai fidia?" Ndiyo. "Ulipokea koti?" Ndiyo, na ndilo hili nimevaa. Akaweka kalamu chini, akasema, "Mzee, unajimaliza." Nikamwambia, mwanangu, kila ulichouliza ni kweli, nikikataa nitakuwa nimedanganya.

Yule dada wa Hungaria usimgombeze. Mgeni ni kipofu ingawa ana macho. Kosa ni letu, hatukumwambia kwamba babu hucheza. Mketishe chini, mweleze taratibu kama unavyomweleza mtoto. Atalia, wewe umpe maji.

Linaloniuma ni moja. Viongozi wa kigango wameniomba nisiongoze ibada wala kufundisha watoto mpaka jambo liishe. Sikubishana. Lakini Jumapili nilikaa benchi la nyuma, na mama mmoja niliyembatiza mwenyewe akiwa mchanga, siku alipokuwa mahututi, akamvuta mwanawe akahama benchi.

Maelezo anayoyataka mwalimu, yaandike mapema. Ulezi umezaa vizuri mwaka huu, na mimi sina mtu wa kumsingizia kwamba ameunguza ugali.

Mumeo mzee,
Fransisko

*

Budapest, 2 Aprili 2025

Mwalimu, shikamoo.

Barua ya babu nimeisoma. Sikuweza kuisoma mara ya pili.

Nimemweleza Dori kila kitu. Nimempigia magoti. Anasema video si yake peke yake, ni ya wafadhili, na wafadhili hawataki iondolewe kwa sababu imewaletea watu wengi. Kuhusu maelezo ya wakili, mkataba wangu unanikataza kusema chochote hadharani mpaka mwisho wa Juni. Nikivunja wananirudisha, na mwezi Mei nina pambano langu la kwanza la kweli. Si kutupwa, Mwalimu. Kupambana.

Babu hawezi kufungwa kwa jambo ambalo kijiji kizima kinajua ni mchezo. Mashahidi wapo, na wewe ulikuwepo. Subirini kidogo tu.

Nakuomba sana usimwandikie Dori mwenyewe. Ana hasira za haraka, na anayezibeba ni mimi.

Silvana

*

Sumbawanga, 7 Aprili 2025
(Nakala. Niliyotuma niliiandika kwa Kiingereza.)

Bi Halmos Dorottya,

Naanza na jina la ukoo kama mnavyofanya kwenu, ili ujue kwamba wapo watu wanaojisumbua kujifunza desturi za wenzao kabla ya kuwasema.

Mimi ndimi mwalimu aliyekukaribisha Sumbawanga. Ulikula kwangu maharage na kumbikumbi, ukaniambia kumbikumbi ni watamu, ukarekodi. Nilikupa wasichana wangu uwatazame. Nilijiona mjanja, nikasema hatimaye dunia itaona kwamba judo haikai Tokyo na Budapest tu. Dunia imeona nini? Imemwona mzee anayemuuza mjukuu wake kwa koti. Na polisi wamemkamata mzee huyo, akalala mahabusu siku mbili.

Hukuelewa? Hilo nakusamehe. Lakini Silvana amekueleza. Amekupigia magoti, na wewe umemjibu habari za wafadhili. Hapo sasa si kutokuelewa tena. Ni wizi. Umeiba jina la mtu asiye na kitu kingine, mtu aliyezika nusu ya wafu wa kijiji chake na kubariki mbegu zao kila Novemba, ukalitandaza kwa watu milioni nne kama ngozi ya mnyama uliyemwinda. Hata kwenye mkeka kuna sheria: mpinzani akipiga mkono chini kusalimu amri, unamwachia. Mzee huyu amepiga mkono. Mwachie!

Wanaokupenda hawakupendi wewe, Bi Halmos. Wanapenda kuhisi wema bila kuinuka kitini. Siku ukiwanyima kidonda kipya watakwenda kwa mwingine. Nadhani unalijua hilo kuliko mimi.

Iondoe, kisha mwachie Silvana aseme kweli.

Cornelia
Mwalimu wa Historia, na wa judo

*

Budapest, 15 Aprili 2025
(Nimeitafsiri mwenyewe neno kwa neno, nikairudia mara tatu. C.)

Bi Cornelia,

Umeniita mwizi. Sehemu ya wizi huo naikubali. Sehemu nyingine si yangu, na lazima nikwambie.

Sijawahi kupigiwa magoti. Sijawahi kuonyeshwa barua yoyote kutoka kwenu. Kwamba amekamatwa nimelijua kwa barua yako, nikiwa nimesimama jikoni.

Siku ile tulipotoka Mwazye nilimuuliza Silvana garini. Niliuliza mara tatu. Mara ya kwanza hakujibu. Mara ya pili alisema, "Ni mila." Mara ya tatu nilikuwa nalia na kamera ilikuwa inachukua. Nikamuuliza, "Kweli yule ni mume wako?" Akajibu, "Ndiyo. Tangu nikiwa na miaka kumi na mitano." Nakutumia sauti yenyewe pamoja na barua hii, haijakatwa popote.

Vigelegele niliviuliza pia. Alisema wanawake hufanya vile ili kumfurahisha mume. Kabla hatujaitoa video alisoma maandishi yote ya Kiingereza. Alisahihisha kitu kimoja tu: tulikuwa tumekosea tahajia ya jina la kijiji.

Sasa sehemu yangu. Hellena ni bora kuliko Silvana. Nilimwona siku ya kwanza, na goti langu linaweza kushuhudia. Lakini tulipokwenda kwao Chala, baba yake alitutania siku nzima kuhusu jogoo wake, mama yake akatujaza viazi, kila mtu alikuwa na furaha. Usiku ule mtu wetu wa kamera alisema hapa hakuna cha kuonyesha. Sikumpinga. Alisema maneno hayo mezani, na Silvana alikuwa amekaa nasi anakula. Kesho yake ndiyo tukaenda Mwazye.

Kwa hiyo aliponijibu "ndiyo", mimi sikudanganywa tu. Nilitaka iwe kweli. Ningeweza kukuuliza wewe, ulikuwa gari la nyuma. Sikukuuliza.

Nimeiondoa jana. Imekwisha kunakiliwa mahali ambapo siwezi kufika.

Dorottya

*

Sumbawanga, 17 Aprili 2025

Silvana,

Leo ni Alhamisi Kuu. Nimeisikiliza sauti.

Nilimtukana mgeni kwa kosa lako, nawe uliniacha nimtukane. Uliniomba nisimwandikie, nikaamini unaogopa hasira zake.

Kesho, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja, Njia ya Msalaba itaongozwa Mwazye bila babu yako. Nilikwenda kumpelekea sukari. Nilitaka kumficha, nikashindwa, kwa sababu amenifundisha hata mimi kutodanganya. Alisikiliza sauti yako kwenye simu yangu mpaka mwisho, akauliza kama inaweza kurudiwa. Ilipokwisha mara ya pili alivua lile koti, akalikunja vizuri, akanipa nimrudishie mwenyewe.

Mimi ninayo maneno mengi. Yote nimeyafuta. Tuma maelezo ya wakili.

C.

*

Budapest, 4 Mei 2025

Mwalimu,

Shikamoo siandiki, sina uso wa kusubiri marahaba.

Maelezo yamo ndani, yana muhuri na sahihi yangu kila ukurasa. Yanasema kwamba babu hajawahi kunigusa, kwamba nilidanganya, na kwa nini. Peleka yote.

Utaniuliza nilikuwa nafikiri nini. Mezani pale Chala yule mtu wa kamera aliposema hakuna cha kuonyesha, alimwangalia Hellena, kisha akaniangalia mimi. Mimi kwa mkeka nilijua nimeshashindwa. Kesho yake babu alipolala barabarani nilimwona Dori anatetemeka, nikajua amekosea kuelewa. Nilikuwa na neno moja tu la kusema: anacheza. Nikawa nalitafuta kwa Kiingereza garini, na nikiwa nalitafuta nikaona taa nyekundu ya kamera inawaka. Mwalimu, nilikuwa nalifahamu hilo neno. Nilifahamu hata maneno mawili.

Nilidhani itaishia kwa Wazungu. Nilidhani mtandao wa huko ni wa huko.

Wiki iliyopita nilijirekodi nikasema ukweli wote, Dori akaiweka kwenye ukurasa wake. Alijua itamgharimu, na imemgharimu. Wafadhili wawili wamejitoa na watu laki tatu wameacha kumfuata. Lakini wengi hawaniamini. Wameandika elfu kwa elfu kwamba nimelazimishwa, kwamba ndugu wa mzee wamenitisha, angalia macho yake, angalia mikono inavyotetemeka, maskini msichana. Mmoja ameanzisha kampeni ya kuniokoa tena. Nikilia wanasema nimeteswa, nikinyamaza wanasema natishwa. Nimewapa uongo wakaula wote. Ukweli wameutema.

Pambano la Mei halipo. Narudi Juni. Dori hakunifukuza, nimeomba mwenyewe. Naomba unipokee stendi Sumbawanga, nikae kwako siku chache kabla ya kwenda nyumbani.

Silvana

*

Sumbawanga, 12 Mei 2025

Silvana,

Maelezo nimeyafikisha. Baada ya siku tano jalada limefungwa. Mpelelezi alimpa babu mkono na kumwita mzee wangu. Kwa serikali, babu yako ni mtu safi.

Kwa Mwazye sijui. Kigango kimemruhusu kurudi kufundisha. Watoto walikuwa ishirini na sita. Wamekuja tisa. Wale wengine, mama zao wanasema wana kazi shambani. Mmoja alinijibu waziwazi: "Mwalimu, video niliiona kwa macho yangu." Nikamwambia binti amekanusha. "Ndiyo, nimesikia. Lakini si wamemlipa?" Nimesoma vitabu vingi kuhusu jinsi uongo unavyoshinda majeshi. Vyote havikunifundisha la kumjibu mama yule.

Hellena nimemsomea barua yako na ile ya Dorottya, alikuwa na haki. Aliomba kujua jambo moja tu: ni kweli Dori alisema yeye ni bora? Nikamwambia ndiyo. Akarudi mkekani, na jioni ile hakuna aliyeweza kusimama mbele yake.

Stendi sitakuja. Usinielewe vibaya: nyumba yangu ni yako, na hasira yangu itapoa, huwa inapoa. Lakini ukifikia kwangu utakuwa umejificha. Ulimsema babu yako mbele ya watu. Basi uende kwake mbele ya watu. Lala nyumba ya wageni, panda gari la asubuhi siku ya mnada, ushuke Mwazye saa nne watu wakiwa wamejaa. Pita katikati. Usifunike kichwa. Mtu akikuuliza, mjibu kwa sauti. Kisha nenda ukapige hodi.

Akikufukuza, kaa nje. Umefanya mazoezi kwangu miaka minne, unajua kukaa chini na kuinuka.

Cornelia

*

Mwazye, 17 Juni 2025

Mwalimu Cornelia, shikamoo.

Nimefanya kama ulivyosema. Nilishuka saa nne na nusu. Wa kwanza kuniuliza alikuwa muuza dagaa. "Wewe si yule mke wa mzee Fransisko?" Watu wakacheka, lakini si kile kicheko chetu. Nikamjibu kwa sauti kwamba mimi ni mjukuu wake na nilimsingizia. Akasema, "Haya, ndugu mteja, dagaa unachukua?" Nilirudia maneno hayo mara kumi na moja mpaka kufika nyumbani. Mama alinikumbatia, akanipiga kofi, akanikumbatia tena.

Babu alikuwa shambani anavuna ulezi. Nilimngoja mlangoni. Niliogopa atanifukuza, na njia nzima nilikuwa nimejipanga kwa kufukuzwa.

Hakunifukuza. Alisimama, akafuta mikono, akasema, "Karibu mgeni. Pole na safari." Akaniuliza afya yangu, na afya ya Dori, na goti la Dori, na kama wenyeji wangu walinitunza. Akaingia ndani akaniletea kiti chenye mgongo, kile anachokalia padri akija. Alininawisha mikono yeye mwenyewe. Nilipopiga magoti aliniinua, akasema, "Nilikusamehe Ijumaa Kuu ileile. Kula, binti yangu."

Nimekaa siku ya nne leo. Hana neno baya hata moja. Nikimchokoza, "Mume wangu umekonda, nani anakupikia siku hizi?" anajibu, "Mama yako anapika vizuri, tunamshukuru Mungu." Jana nikamwambia nimeunguza ugali makusudi. Akala wote, akashukuru.

Mwalimu, babu ananiheshimu.

Upepo wa Juni wa huku unaujua. Jana jioni mama alikwenda kuchota maji, tukabaki wawili jikoni tunaota moto. Babu akainuka, akafungua mlango mpaka mwisho, akauegemeza jiwe usijifunge. Kisha akahamisha kigoda chake akaketi pale kizingitini, mahali ambapo yeyote anayepita njiani angemwona. Moto ukawa unapeperuka. Nilimwambia, babu, unasikia baridi, funga. Akasema, "Hapana, hapa pananitosha."

Tulikaa hivyo, tukitetemeka wote wawili, mpaka mama aliporudi.

Silvana